Kabla ya Kuandika "Rafiki wa Mazingira" Kwenye Boksi la Bidhaa Yako

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana wa Kasulu anayebuni kikaushio cha dagaa kinachotumia nguvu ya jua. Baada ya shikamoo na sifa ambazo sikuzikataa, aliuliza: "Kaka, niweke betri ya litiamu au ya maji? Wafadhili wanataka teknolojia rafiki wa mazingira." Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa nyote mnaonisoma mna ndoto ya kuiona kazi ya mikono yenu sokoni, na swali hilo litawafikia tu.

Mimi hutengeneza taa za kuvulia dagaa, hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nilipoanza, adui alikuwa karabai, na hesabu dhidi yake ilikuwa nyepesi, kwa maana kila lita ya mafuta ya taa inayoungua hutoa takribani kilo 2.5 za hewa ya ukaa. Zilipokuja taa za LED, ambazo hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, kila fundi alidhani kazi imekwisha. Lakini taa hizo zinataka betri, na betri ambayo mvuvi aliimudu ilikuwa ya maji, ile ya gari, iliyoundwa kuwasha injini kwa sekunde chache na si kunyonywa usiku kucha. Ukiishusha chini ya nusu kila siku hufa mapema, na ndani yake mna takribani kilo 10 za risasi, yaani ledi, madini mazito yenye sumu.

Nilikwenda kuona zinafia wapi. Kwenye mwalo mmoja nilimkuta mtu akivunja betri kwa nyundo, tindikali ikimwagika mchangani, kisha akaiyeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa ili apate vizito vya nyavu. Hatua chache kutoka pale akina mama walikuwa wameanika dagaa, na watoto walichuchumaa karibu wakitazama madini yanavyong'aa. Ziwa Tanganyika, lililo mbele yao, lina kina cha mita zipatazo 1,470 na mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake mengi hupotea kwa kuvukizwa na jua, kwa hiyo sumu isiyovukizwa hubaki humo.

Tangu siku hiyo taa zangu zinafungwa kwa skrubu na mpira wa kuzuia maji, kamwe si kwa gundi, ili betri na swichi ziweze kubadilishwa na fundi yeyote wa Ujiji. Nilizipeleka kwenye shindano fulani la wabunifu, ambako jaji mmoja aliinyanyua taa yangu, akasema ni nzito na "haina mvuto wa kisasa". Zawadi ilikwenda kwa taa nzuri ya kutazama, iliyozibwa kwa gundi pande zote, ikisindikizwa na jedwali la hewa ya ukaa iliyookolewa. Nakiri kwamba bado inaniuma. Taa zile, betri zilipochoka, zilitupwa zikiwa nzima, kwa sababu hakuna aliyeweza kuzifungua. Zangu bado zinakwenda majini, na wapo wavuvi waliobadilisha swichi tu.

Jedwali lile halikuwa la uongo, ila mipaka yake iliishia dukani. Wataalamu wanaofuata ISO 14040, yaani kanuni za kimataifa za kupima athari za bidhaa kwa mazingira tangu inapoundwa hadi inapotupwa, huanza kwa kutaja lengo na mipaka ya tathmini kabla ya kuhesabu chochote, na hapo ndipo mbunifu anapoweza kujidanganya kwa tarakimu sahihi. Ndugu zangu, vuteni mipaka yenu hadi mahali kifaa kinapokufa, kisha mwende mkapaone kwa macho. Ulizeni pia umeme wa kuchajia unatoka wapi, kwa sababu mji huu kwa miaka mingi uliendeshwa na jenereta za dizeli, na betri iliyochajiwa kwa dizeli haikuwa safi kama boksi lake lilivyodai.

Litiamu nazo si za aina moja. Zipo zenye kobalti, ambayo sehemu kubwa duniani huchimbwa Kongo, kwa jirani zetu, katika mazingira ambayo wengi wetu tusingependa ndugu zetu wafanyie kazi. Zipo pia za fosfati ya chuma, zisizo na kobalti wala nikeli, zinazostahimili kuchajiwa mara elfu kadhaa. Mimi hutumia hizi za pili, lakini hapa Kigoma sijampata mnunuzi wa betri hiyo ikishakufa, wakati risasi ina wateja kila kona. Kwa hiyo ndani ya bei ya taa naweka amana, ambayo mvuvi hurudishiwa akiniletea betri iliyokufa.

Lipo jambo jingine ambalo jedwali haliwezi kulionesha. Bei ya mafuta ndiyo iliyokuwa ikimzuia tajiri wa boti kuongeza karabai. Mwanga ulipokuwa rahisi, wengine waliongeza taa, na ziwa ambalo uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu mwaka 2024 ili samaki wazaliane haliwezi kuushangilia mwanga wa bure. Ndiyo sababu nakataa kuuza taa kubwa zaidi, hata ninapoambiwa kwamba nachezea riziki.

Sasa wewe, mdogo wangu wa Kasulu: usiweke betri yoyote. Dagaa hukauka mchana, na feni ya volti 12 inaweza kuungwa kwenye paneli kupitia kidhibiti kidogo cha volti, maana paneli inayoitwa ya volti 12 hufika 18 na zaidi jua la saa sita. Jua likikaza feni itakimbia, wingu likipita itapunguza mwendo, na kikaushio hakitadhurika. Kwa masika ongeza trei na utandaze dagaa wachache kwa kila moja. Mfadhili akiuliza betri iko wapi, mwoneshe bei ya kikaushio bila hiyo betri.