Dionea Haihitaji Maji ya Kuchemsha

Wiki hii nimetumiwa picha tatu za dionea, ule mmea wenye majani ya mitego yanayofunga wadudu, zinazokata roho. Watu watatu tofauti, swali lile lile: "Kaka, mbona inageuka nyeusi na maji naipa kila siku?" Najibu hata kabla sijaikuza picha, kwa sababu dionea yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo, tena kwa mapenzi. Haya, wadogo zangu, sogeeni.

1. Maji. Kipimo mnakijua: chumvi iliyoyeyuka iwe chini ya 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni. Ya mvua, ya RO (yaliyochujwa kwa mashine mpaka chumvi itoke), au yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa maji tena (ukinunua yale ya betri, soma lebo, mengine ni asidi). Mnajua yote hayo, kisha mnatia ya bomba "kwa leo tu".

Mimi sikutia ya bomba. Mimi nilikuwa mjanja. Niliposikia ya bomba yanaua nikasema, basi nitayachemsha. Si tumelelewa tukiambiwa maji yakichemka yamekuwa salama? Kila jioni naweka birika, nayaacha yatokote haswa, nafunika, asubuhi namimina kwenye sinia lililo chini ya chungu taratibu kama anayemnywesha mtoto dawa. Nikiona yamepungua nafurahi, nadhani ni uchafu umetoka. Kumbe kilichotoka ni maji. Chokaa kidogo huganda kwenye birika, lakini chumvi nyingine zinabaki palepale, ndani ya maji machache zaidi.

Mwezi wa kwanza mmea ulinichekea: mitego sita, ndani myekundu kama ulimi. Wa pili, ncha zikaanza kuwa nyeusi. Nikaongeza maji. Mitego mipya ikatoka midogo, mmoja haukufunguka kabisa. Nikasema ni njaa, nikaanza kuwinda nzi. Mtego dhaifu ukapewa nzi mkubwa, ukaoza naye mdomoni. Nikaongeza maji tena.

Siku moja naosha birika, nikakwangua ule ukoko mweupe kwa ukucha. Halafu nikaenda kuangalia chungu. Ukingo mzima una ukoko ule ule. Nikasimama pale na ukucha wangu mweupe. Nikaazima kipimo cha TDS, kile kinachosoma chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, nikakitumbukiza kwenye maji yangu matakatifu: zaidi ya mara tano ya ile 50. Nikakimbilia maji ya mvua, nikasuuza udongo mpaka usiku, lakini tunguu, ile shina nene iliyo udongoni, lilishalainika, rangi ya kahawia. Nilipolishika likatoka lenyewe, kama jino la mtoto lililolegea.

Sababu ni nyepesi, inauma tu. Dionea asili yake ni Carolina Kaskazini na Kusini, Marekani, kwenye ardhi chepechepe isiyo na rutuba, na mizizi yake haikuumbwa kwa maji yenye chumvi. Ndiyo maana inakamata wadudu, ipate naitrojeni. Chakula inajipikia yenyewe kwa jua. Nzi ni mbolea.

2. Udongo. Piti (mboji ya kuvumwani isiyo na mbolea) na perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi), basi. Kijana mmoja aliniambia, "Nimechanganya samadi kidogo tu, ipate nguvu." Niliweka simu chini kwanza. Mdogo wangu, hiyo ni sumu, na hakuna "kidogo tu".

3. Acheni kuchokoza mitego. Vinywele vilivyo ndani ya mtego viguswe mara mbili ndani ya sekunde ishirini hivi, mtego unafunga, na kila mtego una idadi yake ya kufunga kabla haujachoka. Mnajua, lakini wageni wenu hawajui. Nilikuwa na mgeni aliyefunga mitego yote kwa kalamu huku akicheka, mimi nikicheka naye kwa adabu, moyoni namfukuza. Siku hizi mbele naweka drosera, mla wadudu mwingine, majani yake yana matone ya gundi kama umande. Akichokoza ananata mwenyewe. Na nyama za jikoni msilishe, zinaoza. Hata mdudu mkavu hatoshi peke yake: akishakamatwa inabidi uubonyeze mtego polepole kwa nje, maana bila kitu kinachotikisika ndani haujibani sawasawa, utafunguka kesho kama ulivyofungwa.

4. Jua la kutosha, lile la moja kwa moja. Drosera isiyo na umande inakudai mwanga, au hewa yako ni kavu mno. Nepenthe, ile inayokamata wadudu kwa vibuyu vinavyoning'inia, msiiache kwenye sinia la maji. Inataka unyevu, si bwawa.

5. Usingizi. Dionea na sarasenia (ile yenye majani kama mirija ya kunasa wadudu) zinahitaji miezi mitatu minne ya baridi, majani yakifa wakati huo tulieni. Dionea yangu ya pili niliitupa ikiwa imelala. Ndiyo, nilizika aliye hai. Tunguu jeupe na gumu ni zima. Bonyezeni kabla ya kuomboleza.

Anayeanza kabisa achukue Drosera capensis. Hiyo ukiikata juu inachipua kutoka kwenye mizizi, inasamehe kuliko mama.

Sasa wewe wa picha ya pili: nimeangalia vizuri, tunguu lako bado jeupe. Mwaga maji ya sinia leo hii, pitisha ya mvua kutoka juu mara kadhaa mpaka yatiririke chini, mitego myeusi kata, mingine iache. Usilishe chochote. Nitumie picha baada ya wiki mbili, na usije ukaniambia hayo ya mvua umeyachemsha kwanza.