Tulimpumzisha Mama hadi akachoka

Mama aliishi kwangu Madale, Dar es Salaam, miezi kumi na minne. Alikuwa na chumba chake chenye choo ndani, televisheni ukutani, na dada wa kumhudumia kuanzia alfajiri mpaka anapolala. Kaka yangu aliyeko Muscat alituma pesa kila mwezi bila kukumbushwa. Aliyetutazama kwa nje alisema huyu bibi kapata.

Jioni moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kajitanda khanga kama mtu anayetoka, mkoba mapajani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mwanangu. Nimekaa tu hivi nijione kama ninakwenda."

Nilicheka, kisha nikaenda jikoni kujifanya natafuta kitu.

Tulimtoa Tanga baada ya Baba kufariki. Nyumba yao iko Ngamiani, mtaa ambao ukikaa barazani asubuhi huwezi kumaliza kikombe cha chai bila kuitikia "marahaba" mara kumi. Madale kwangu kuna ukuta na geti. Majirani nawajua kwa magari yao. Hilo sikuliwaza wakati napanga kumleta. Niliwaza ngazi, choo cha kukaa na umbali wa hospitali.

Kosa la pili tulilifanya kwa mapenzi. Kila alipogusa kitu tulimrukia: "Acha Mama, pumzika." Akishika mchicha achambue, dada ananyang'anya. Akitaka kufua leso yake, tayari ipo kwenye mashine. Mwanamke aliyelea watoto sita na kusuka mikeka ya kuuza tukamgeuza mgeni asiye na siku ya kuondoka.

Dada tulimpata kwa wakala. Alikuwa na mafunzo, sare nyeupe, na daftari. Sina la kumlaumu, alifanya tulichomtuma. Daftari lile ninalo mpaka leo: "Ameoga. Amekula uji. Dawa amepewa. Presha 138/82." Kurasa na kurasa za hivyo. Hakuna mahali palipoandikwa Mama kazungumza na nani siku hiyo. Baadaye nilisoma ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025, inayosema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi na maradhi ya moyo. Nikalikumbuka daftari lile. Tulipima presha asubuhi na jioni, na katikati tukamwacha mtu na ukuta.

Kama una mlezi nyumbani, mwongezee mstari mmoja tu kwenye daftari: leo mzee kazungumza na nani, na kuhusu nini? Ukiona wiki nzima jibu ni "mimi, kuhusu chakula", umeshajua pa kuanzia.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu masikio, maana hapa tulikaribia kuharibu. Mama alianza kujibu "eeh" kwa kila kitu. Ukimuuliza kama anataka chai au maziwa, "eeh". Tukaanza kunong'onezana kwamba kumbukumbu inaondoka. Daktari akachungulia masikio, akakuta nta imejaa pande zote mbili. Waliilainisha kwa dawa ya matone siku chache, wakaisafisha kwa maji, na njia nzima ya kurudi Mama analalamika dereva anapiga honi sana. Mzee asiyesikia hujitoa mwenyewe kwenye mazungumzo, huona aibu kusema "rudia" mara ya tatu. Mpeleke apimwe masikio na macho kabla hujampa jina la ugonjwa. Na vijiti vya pamba viacheni, vinasukuma nta ndani zaidi. Lakini akiwa hali, halali, anapungua mwili au anapotea njia anazozijua, usiseme ni upweke tu. Hiyo ni ya hospitali.

Kilichotuamsha kabisa ni msiba. Shoga yake wa tangu utotoni alifariki Tanga, nasi tukamficha. Tuliogopa presha. Akaja mgeni, hana habari kwamba tumeficha, akampa pole. Mama hakulia. Aliniuliza, "Kwa hiyo hata arubaini yake imeshapita?" Ilikuwa imepita wiki iliyotangulia.

Kwetu Pwani kwenda kuhani ni sehemu ya kuishi. Ndiko wazee wanakoonana, wanakoulizana nani kabaki, wanakolia na kucheka humo humo. Tulimnyima kilio, tukamnyima na watu wa kulia naye. Siku hizi akifiwa anaambiwa siku ile ile, mtu anakaa karibu yake, na kama miguu inaruhusu anapelekwa.

Mwezi uliofuata tulimrudisha Ngamiani. Ndugu wengine hawakufurahi. Mmoja aliniambia nimemtupa mama. Sikubishana naye, nilimkaribisha aje akae wiki moja aone.

Nyumba tuliitengeneza kidogo: vyuma vya kushikia chooni, taa ya usiku kwenye ujia, zulia lililokuwa linamkwaza likatolewa. Kazi kubwa ilikuwa kumpata mtu. Safari hii sikuanza na "unajua kupima presha?" Kifaa cha mkononi mtu anakijua kwa mchana mmoja. Niliuliza, "Kazi zikiisha saa nne asubuhi, wewe na Mama mtakaa mzungumze nini?" Wawili walinitazama kama nimewauliza swali la mtihani. Wa tatu, mama wa miaka hamsini na kitu anayekaa mtaa wa nyuma, akasema, "Mbona yeye ndiye aliyemfunga mkaja mama yangu aliponizaa? Ana mengi ya kunieleza." Tukamaliza usaili hapo.

Makubaliano yetu naye ni kwamba asimfanyie Mama jambo ambalo Mama anaweza, hata kama litachelewa. Mama anachambua mchele amekaa. Mama ndiye anayeonja chumvi. Chapati za Ijumaa zinachukua saa mbili na jiko linageuka uwanja wa unga, basi acha. Na ukindu wa kusukia mikeka umerudi. Vidole haviendi kama zamani, lakini anasuka ukili barazani, na ukili huvuta watu: anayepita atasimama, atakosoa rangi, atakaa. Wasichana wawili wa jirani wanakuja kujifunza. Mmoja hana mkono wa kazi hiyo kabisa, Mama mwenyewe kasema, lakini anaongea sana na kwa hiyo harudishwi.

Mama mdogo aliyeko Pemba alinifundisha jambo kama hilo bila kujua. Zanzibar walipoanza Pensheni Jamii mwaka 2016, wazee wa miaka 70 na zaidi walipewa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwanawe akataka awe anamchukulia ili asipange foleni. Akakataa kata kata. Siku ya malipo huvaa buibui lake zuri, hukaa kwenye benchi na waliosoma naye chuoni, na anarudi na habari za wiki tatu. Kabla hujampunguzia mzee safari yoyote, uliza kwanza ni nani anaonana nao huko.

Sisi tulio mbali tumejifunza simu. Mimi napiga saa kumi jioni, kila siku, hata dakika tano. Saa ile ile. Inampa kitu cha kungojea, na ole wangu nikichelewa. Kaka kwa muda mrefu alipiga simu ya video ya "hujambo, umekula, pesa imefika?", huku sisi tukitazama paji la uso la Mama. Sasa anapiga akiwa jikoni, anamuuliza mchuzi wa papa unaanza na nini. Anajua vizuri unaanza na nini. Mama anamgombeza dakika ishirini.

Mlezi naye ni mtu. Akikaa na mzee siku saba kwa wiki, mnakuwa na wapweke wawili chini ya paa moja. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na wa nyumbani ni mfanyakazi. Wetu hapatikani Jumapili. Siku hiyo wajukuu wanapokezana, na wakikosekana, jirani wa mkono wa kulia ana ufunguo.

Nakwenda Tanga mwisho wa mwezi. Jana saa kumi na dakika nne nilipopiga, hakuniuliza habari za watoto. Alisema nije na rangi ya zambarau ya ukindu, na nisithubutu kununua kwa yule wa safari iliyopita, ilichuja yote.