Maswali ya Wasomaji: Mto Unapogeuka Barabara

Toleo lililopita tuliandika juu ya Dawson City, mji wa dhahabu ulioko Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Mji wetu Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Dawson na bonde lake likaingia mwaka 2023 kwa jina la Tr'ondëk-Klondike. Barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja: watu wa kule wanaishi vipi majira ya baridi, kipimo kikishuka nyuzi 40 chini ya sifuri? Tumechagua hizi.

Mmesema pantoni la Dawson, linalovusha mto Yukon, husimama Oktoba, kisha magari yanapita juu ya mto wenyewe. Mie ni mtu wa bahari na sijaelewa. Barafu inabebaje lori? (Nahodha, Mkoani)

Nahodha, barafu inaelea kama chombo chako kinavyoelea. Lori likipanda, barafu hubonyea kidogo, na maji yaliyo chini huisukuma juu. Kazi yote ni kuhakikisha haivunjiki inapobonyea, na hilo hutegemea unene. Kuna hesabu ambayo fundi wa barabara za barafu anaijua kwa moyo: chukua unene kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 3.5. Jibu ni uzito kwa kilo. Sentimita 30 zinakupa kilo 3,150, yaani gari dogo kwa nafasi nzuri. Lori la tani 10 linataka sentimita 54. Tazama hapo: unene ukiongezeka mara mbili, mzigo unaongezeka mara nne.

Lakini hesabu hiyo ni ya barafu safi, ile nyeusi inayong'aa kama kioo. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, huhesabiwa nusu ya unene wake. Ufa mkavu si balaa kubwa. Ufa unaotoa maji unapunguza mzigo kwa nusu mpaka uzibe na kuganda tena. Na mto si ziwa: mkondo hula barafu kwa chini, kwa hivyo hatua kumi mbele unene unaweza kuwa mwingine kabisa. Ndiyo maana hutoboa matundu kwa keekee ndefu na kupima njia nzima, hawapimi pahala pamoja wakaridhika.

Kuitengeneza, kwanza hufagia theluji, kwa sababu theluji ni blanketi na huzuia baridi isiingie mtoni. Kisha humwaga maji juu, tabaka jembamba, huliacha ligande mpaka chini, ndipo humwaga jingine. Mwenye haraka akimwaga maji mengi kwa mara moja, juu huganda na katikati hubaki maji yaliyofungwa. Hapo ndipo gari huzama.

Dereva naye ana adabu zake. Aende polepole, kwani gari linaposonga hufanya wimbi chini ya barafu. Mwendo wa gari ukilingana na mwendo wa wimbi, barafu hupasuka, hasa karibu na ukingo. Asimfuate mwenzake kwa karibu. Asiegeshe kwa muda mrefu, maana mzigo uliosimama huizamisha barafu taratibu.

Na baadhi ya miaka mto unakataa. Majira ya baridi ya 2016-17 na 2017-18 uwazi wa maji ulibaki mbele ya mji pale panapopita njia, na katika majira hayo ya pili walijaribu hata kurusha maji hewani yagande, haikusaidia. Wanaoishi ng'ambo, West Dawson, ikabidi watafute njia nyingine ya kuvukia.

Kama ardhi imeganda kama jiwe, wachimbaji wa zamani walichimbaje dhahabu wakati wa baridi? Kwa nini hawakungoja joto? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Swali lako, mwanangu, limegusa penyewe. Baridi ndiyo iliyokuwa msimu wa kuchimba. Dhahabu ilipoonekana tarehe 16 Agosti 1896 kwenye kijito cha Rabbit Creek, kilichokuja kuitwa Bonanza, ilijulikana upesi kuwa nyingi yake imelala chini kabisa, pale changarawe inapokutana na mwamba. Kufika huko kunataka shimo. Wakati wa joto shimo hujaa maji na kuta huporomoka. Wakati wa baridi hakuna maji yanayoingia, na kuta zilizoganda husimama zenyewe bila kuwekewa nguzo.

Jioni waliwasha moto wa kuni chini ya shimo na kuuacha uwake usiku kucha. Asubuhi waliondoa majivu na kuchota udongo uliolegea, sentimita 15 mpaka 30 tu, kisha moto tena. Hesabu mwenyewe: shimo la mita 6 kwa sentimita 20 kwa siku ni mwezi mzima wa kukata kuni. Hatari kubwa ilikuwa hewa. Moto uliofifia huacha gesi isiyo na harufu. Aliyeshuka mapema alizimia, na mwenzake aliyemfuata kumwokoa akaanguka vilevile.

Walipofika mwambani walichimba kando kwa kando, wakaupandisha udongo kwa ndoo na kamba iliyozungushwa juu, kama kisimani. Lundo lile liliganda tena pale nje mpaka mito ilipofunguka. Ndipo waliposafisha, kwa maji yanayopita kwenye mfereji wa mbao wenye vikingo chini. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, changarawe haifiki mara 3. Maji huichukua changarawe na dhahabu hubaki nyuma ya vikingo. Katikati ya baridi mchimbaji aliyetaka kujua kama anafuata njia sahihi aliyeyusha theluji jikoni na kuosha karai moja ndani ya kibanda.

Picha yenu inaonyesha nyumba mbili za mbao zimeegemeana kama walevi. Kwa nini, na zinarekebishwaje? (Fundi mwashi, Shangani)

Fundi, chini ya Dawson kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima, iliyochanganyika na barafu. Nyumba zile za Third Avenue zilijengwa moja kwa moja juu yake. Jiko likawashwa, joto likashuka kwenye sakafu, barafu ya chini ikayeyuka, ardhi ikadidimia. Kwa kuwa haiyeyuki sawasawa, kona moja hutangulia na jengo hulala upande.

Hapa kwetu ukuta wa mawe na chokaa unauliwa na maji yanayotoka juu, kwenye paa bovu. Kule adui ni joto la ndani likishuka chini. Kwa hivyo dawa yao ni kuinyanyua nyumba. Huweka kitanda cha changarawe, juu yake magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana, na jengo hukaa juu ya magogo hayo kukiwa na nafasi ya hewa chini ya sakafu. Baridi ipite hapo kila msimu iigandishe ardhi upya. Kona ikishuka, huingiza jeki, huinua, na kuongeza kabari. Kosa la wengi ni kuiziba nafasi ile kwa mbao ili sakafu isiwe baridi, au kuacha theluji irundikane kuizunguka. Ukiziba, umeanza kuiyeyusha ardhi yako mwenyewe.

Mwanangu anakwenda kufanya kazi huko Novemba. Nimfungie nguo gani? (Mama, Wete)

Mama yetu, usimfungie pamba iwe ya kwanza mwilini. Pamba hunywa jasho na kubaki nayo, na jasho likipoa ndilo linalomtia mtu baridi. Ndani avae sufu nyembamba, juu yake sufu nzito, nje koti la kuzuia upepo. Viatu vizidi saizi moja, kwani kiatu kinachobana huzuia damu na vidole huganda ndani ya soksi tatu. Glovu zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko za vidole mbalimbali.

Amwangalie mwenzake usoni, naye aangaliwe. Upepo na baridi vikifika pamoja kiasi cha nyuzi 40 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10. Dalili ni doa jeupe lisilo na hisia puani, sikioni au shavuni. Kwenye ngozi nyeusi litaonekana kama rangi ya majivu. Asilisugue, na kabisa asilisugue kwa theluji. Aingie ndani, alifunike kwa kiganja kilicho na joto. Kidole kilichoganda kitiwe kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka 39, yasiyounguza kiwiko, ikiwa tu hakitarudi kwenye baridi. Kikiyeyuka na kuganda tena madhara huwa makubwa zaidi. Kisha hospitali.

Gari huwaka vipi kwenye baridi hiyo? (Gereji, Mwanakwerekwe)

Huchomekwa kwenye umeme. Mbele ya gari utaona plagi inaning'inia: ni ya hita iliyofungwa kwenye injini, na huwashwa saa chache kabla ya safari ili oili isiwe nzito kama asali. Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na kama nusu ya nguvu zake, na iliyokwisha chaji huganda na kupasuka.

Kwenye rejeta usiweke dawa ya kuzuia kuganda ikiwa tupu ukidhani ndiyo bora. Dawa hiyo ni glaikoli, na peke yake huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Nusu kwa nusu na maji hufika 37, na sehemu 60 ya dawa kwa 40 ya maji hufika karibu 50.

Saa zao zikoje, na mtu anafungaje Ramadhani? (Msomaji, Jambiani)

Dawson iko nyuzi 64 kaskazini, kusini kidogo ya duara la Aktiki (mstari ambao kaskazini yake zipo siku jua halichomozi kabisa), kwa hivyo jua huchomoza na kutua kila siku na mtu hufuata mbingu ya palepale. Mwishoni mwa Desemba huchomoza karibu saa sita mchana kwa saa ya ukutani na kutua saa kumi na dakika 20. Ramadhani itaangukia siku hizo mwishoni mwa 2030. Kutoka alfajiri hadi magharibi ni kama saa saba na nusu. Kwetu ni zaidi ya kumi na tatu. Yukon iko nyuma yetu kwa saa 10, hivyo ukimpigia mtu baada ya isha unamkuta asubuhi, na Desemba asubuhi hiyo bado ni giza.

Baridi nzima hawana sherehe? (Msomaji, Kiembesamaki)

Wanazo. Machi kuna mashindano ya mbwa wavutao sleji kutoka Dawson hadi Eagle, Alaska, na kurudi, kilomita 338 hivi. Yanafanyika tangu 1977 kumkumbuka Percy DeWolfe, aliyepeleka barua kwenye njia hiyo kuanzia 1910 hadi 1949. Kila mbwa huvikwa soksi za kitambaa, miguu yote minne, kwa sababu theluji hugandamana kati ya vidole na kumkata.

Halafu kuna kungoja barafu ivunjike, na mji mzima hubashiri siku, saa na dakika. Husimamisha kigingi cha miguu mitatu katikati ya mto na kukiunganisha kwa waya na saa iliyoko ukingoni. Mwishoni mwa Aprili au nusu ya kwanza ya Mei barafu hung'oka kwa kishindo, kigingi huenda nayo, waya huvutika, na saa husimama.