Miradi ya "baadaye": iandikie inasubiri nini

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ufanyeje na miradi uliyoisogeza mbele lakini bado imejaa kwenye orodha yako ya kila siku, na utumie programu gani. La pili ni dogo, nitaligusa mwishoni. La kwanza ndilo linalosumbua wengi, na orodha uliyobandika inaonyesha kwa nini. "Kulipia bima ya gari" ipo juu ya "kujenga", na "kujenga" ipo juu ya "kujifunza Kichina". Ukifungua simu asubuhi unaviona vyote, unavipita vyote, na siku si nyingi macho yanazoea kuipita hata bima.

Mimi niko ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar, na pembeni najenga mdogomdogo kama wengi wetu. Humo nimeokota kanuni moja tu ninayoishika: hakuna kitu kinachoandikwa "baadaye" kikaachwa hivyo. Lazima kiandikiwe kinasubiri nini. Ukishajua kinachosubiriwa, na mahali pa kukiweka unapajua.

Kinachosubiri tarehe kinakwenda kwenye kalenda, basi. Bima, leseni, ada ya Januari, kuandaa shamba kabla ya masika. Sitaki kukiona mpaka siku yake. David Allen, yule Mmarekani wa GTD (Getting Things Done, mfumo wake wa kupanga kazi), anafundisha kutumia mafaili 43 kwa kazi hiyo, 31 ya siku za mwezi na 12 ya miezi ya mwaka. Siku hizi simu inayafanya yote hayo bure. Angalizo: weka siku ya kuanza kushughulika, siyo siku ya mwisho. Bima ikiisha mwisho wa mwezi, mimi nataka initokee katikati ya mwezi, maana hela yenyewe nayo inatafutwa.

Kinachosubiri mtu ni habari nyingine. Ofisini sehemu kubwa ya kazi zangu ni za kufuatilia tu: mteja hajaleta ankara, wakala wa meli hajatoa hati ya kuchukulia mzigo. Hizi zina ukurasa wake. Kila mstari una jina la mtu, nilichomwomba, siku niliyomwomba, na siku ya kumuuliza tena. Hiyo siku ya kuuliza tena ndiyo watu wengi hawaiandiki, na ndiyo yenye kazi. Kontena lina siku zake za bure, yaani za kukaa bila kutozwa, zikipita gharama zinaanza kuhesabika, na hakuna mteja atakayekuelewa ukimwambia ulikuwa unasubiri kujibiwa. Fundi seremala wa nyumbani naye yumo kwenye ukurasa huohuo, na yeye ndiye anayeongoza kwa kuulizwa tena.

Sasa kinachosubiri pesa. Hapa ndipo penye miradi mingi ya Mswahili, na nadhani hata huo wako wa "kujenga" uko hapa. Kwanza "kujenga" huwezi kuifanya leo wala kesho, ni rundo la miradi. Nyumba yangu imeshafungwa lenta, kinachofuata ni kupaua, na kupaua kumelala kwa sababu hela ya mbao na bati haijatimia. Kwenye kaunta buku nimeandika hivi:

KUPAUA. Inasubiri: hela ya mbao na bati itimie. Ikitimia: mpigie fundi aje apime upya kabla ya kununua chochote. Simenti ya plasta usinunue sasa.

Ona huo mstari wa mwisho. Simenti ikikaa stoo miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, tena kwa unyevu huu wa pwani, kwa hiyo kuiwahi eti bei imeshuka ni kutupa hela. Mradi ukilazwa unahitaji kuandikiwa na yale ambayo hayatakiwi kufanywa ukiwa umelala. Na hatua ya kwanza ya kuuamsha iandikwe palepale, jina la fundi na yote. Mwaka 2011 watafiti Masicampo na Baumeister walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba jambo lisilokamilika linaisumbua akili, lakini ukilipangia hatua mahususi usumbufu unapungua hata kabla hujalifanya. Kupaua kumelala, ila kuweka akiba ya mbao hakujalala: hiyo ina siku yake kwenye kalenda kila mwisho wa mwezi. (Kama mnajenga wawili, mwenzako naye ajue kwamba kumelala na kwa nini. Orodha ya kichwani mwake usiipuuze.)

Kichina chako hakisubiri tarehe, mtu wala pesa. Kinasubiri hamu. Vya namna hiyo nimeviweka kurasa za nyuma kabisa, nazipitia kila robo mwaka, na nafuta bila huruma. Kama kina maana kitarudi chenyewe.

Kuna mdau hapo juu kashauri kila mradi upewe A, B au C kwa uzito wake. Sikubaliani naye. Mradi uliokosa hela hata ukiupa A tatu, hela haiji.

Kinachoushikilia mfumo wote ni kikao changu cha Jumapili jioni, kama nusu saa. Napitia ukurasa wa watu na ule wa miradi iliyolala nikiuliza swali moja: kinachosubiriwa kimefika? Kikifika, ile hatua ya kwanza inahamia kwenye orodha ya wiki. Bila kikao hicho, kaunta buku inageuka kaburi.

Kuhusu programu: Todoist, Google Keep, yoyote. Angalia tu kama inaweza kuificha kazi mpaka siku yake, na kama miradi iliyolala inaweza kukaa sehemu isiyoonekana kwenye orodha ya leo. Kama uliyonayo inafanya hivyo, usihame. Mimi daftari na kalenda ya simu vinanitosha kwa sababu orodha yangu haitumiwi na mtu mwingine. Kama kazi zako mnagawana na wenzako ofisini, hapo daftari halitakusaidia.