Maswali ya Wasomaji: Scarlet au Violet, na Jinsi ya Kumpiku Iono

Swali: Mwanangu wa miaka 10 anataka gemu ya Pokémon ya mashine ya Nintendo Switch. Luthuli Avenue nimeonyeshwa Scarlet na Violet, bei ile ile, na muuzaji akasema ni gemu moja. Kama ni moja, mbona zinauzwa mbili? Tena ana dada wa miaka 7 ambaye lazima ataililia. – *Mama Wawili, Umoja*

Jibu: Muuzaji hakukudanganya, Mama, ila alikueleza nusu. Nchi ya Paldea, hadithi na mashindano ni karibu yaleyale. Kinachotofautiana hasa ni baadhi ya viumbe (Pokémon) unaowakamata na kuwapiganisha: Larvitar na Armarouge wanapatikana Scarlet tu, Bagon na Ceruledge Violet tu. Ndivyo ilivyo tangu Red na Green zilipotoka Japani mwaka 1996. Hakuna anayekamilisha mkusanyo peke yake; sharti abadilishane na mwenzake. Hapo ndipo ulipo utamu wa gemu hii, na hapo hapo ndipo inapoumiza mfuko. Kwa hiyo usimuulize mtoto anapenda ipi. Muulize rafiki yake wa karibu au binamu yake ana ipi, kisha nunua ile nyingine.

Kubadilishana hakuhitaji bando. Switch mbili ziwe karibu, hata ndani ya matatu. Kila mmoja abonyeze X, afungue Poké Portal, achague Link Trade, na wote waandike namba ile ile. Kitufe cha L ndicho kinachowasha na kuzima intaneti, waiache imezimwa. Kupitia intaneti ni lazima ulipie Nintendo Switch Online. Wapo viumbe wasiokua mpaka wapite mikononi mwa mtu mwingine: Haunter hawi Gengar hadi abadilishwe. Mtoto ampe rafiki anayemwamini, kisha aombe arudishiwe. Rafiki akikataa, gemu haina njia ya kumlazimisha.

Katriji moja inawatosha wote wawili. Mfungulie kila mmoja jina lake kwenye Switch, maana gemu huhifadhi safari moja tu kwa kila jina. Lakini safari hiyo hukaa ndani ya mashine, si kwenye katriji, na Scarlet na Violet hazina nakala ya akiba mtandaoni. Switch ikiibwa, kila kitu kimekwenda.

Kasoro moja watu huitambua wameshanunua: hakuna sauti ya mhusika hata mmoja. Mazungumzo yote ni ya kusoma, Kiswahili hakimo, na lugha unayochagua mwanzoni huwezi kuibadilisha katikati ya safari. Huyo wa miaka 7 atahitaji mtu wa kukaa naye.

Nyingine ni picha. Gemu ilitoka tarehe 18 Novemba 2022 ikiwa haijaiva: watu walio mbali hutembea kwa kukatakata, viumbe huzama ardhini. Desemba hiyo hiyo Nintendo iliomba radhi. Kwenye Switch ya zamani bado inakwama, hasa ikichezwa saa nyingi mfululizo. Mtoto ahifadhi, aifunge kabisa kwa kubonyeza Home kisha X, aifungue upya. Kwenye Switch 2 ya mwaka 2025 kuna sasisho la bure linaloilainisha vizuri.

Swali: Iono, kiongozi wa umeme katika Scarlet na Violet, amenishinda mara nne. Kiumbe wangu ni Quaxwell wa ngazi ya 27. Niliambiwa aina ya ardhi inamaliza umeme, nikaleta Mudbray wa ardhi, na bado nikapigwa. Nakosea wapi? – *Mwanafunzi, Roysambu*

Jibu: Uliyoambiwa ni kweli kwa wawili kati ya viumbe wake wanne. Bellibolt na Luxio wataumizwa maradufu na shambulio la ardhi. Wattrel ni umeme na pia ni ndege, kwa hiyo ardhi haimgusi. Mpige kwa jiwe au barafu. Mtego wenyewe ni Mismagius wa ngazi ya 24 anayetoka mwisho. Terastal, nguvu ya kubadili aina ya kiumbe, inamgeuza kuwa umeme mtupu, na udhaifu pekee wa umeme ni ardhi. Lakini yeye ana kipaji cha Levitate, anaelea, ardhi haimfikii. Hana udhaifu wowote.

Basi usitafute wa kumuumiza sana, tafuta wa kumstahimili. Sandile ni ardhi na giza: shambulio la umeme la Mismagius, Charge Beam, halimdhuru kabisa, lile la Hex linamuumiza kwa nusu tu ya nguvu yake, naye Sandile anamtafuna kwa shambulio la Bite. Mfikishe ngazi ya 25 au 26. Akichanganywa akili na shambulio la Confuse Ray, mtoe kisha umrudishe, kuchanganyikiwa kunaisha. Quaxwell ni wa maji, mbele ya umeme ni kitoweo. Mpumzishe.

Usikubali pia kupewa jitu la ngazi ya 60 na rafiki. Bila beji (tuzo ya kumshinda kiongozi), kiumbe uliyempata akiwa juu ya ngazi ya 20 hakutii. Kila beji inaongeza 5, na ya nane inafungua wote.

Hapa gemu inastahili lawama. Inakwambia nenda popote, lakini ngazi za viongozi hazibadiliki na haikuonyeshi mpangilio. Kiumbe mkubwa wa Katy ana ngazi ya 15, Brassius 17, Iono 24, Kofu 30, Larry 36, Ryme 42, Tulip 45, Grusha 48. Fuata hivyo. Ukimrudia Katy baada ya Kofu, utamaliza pambano kabla chai haijapoa, na raha yote imepotea.

Swali: Kuna mtu anauza Pokémon wa rangi adimu (Shiny) kwa M-Pesa. Nilipe? – *Msomaji, Rongai*

Jibu: Usilipe. Wengi wanaouzwa hivyo hutengenezwa kwa programu. Porini uwezekano wa kumkuta ni 1 kati ya 4,096. Ukijaza viumbe wote 400 wa Paldea unapewa Shiny Charm, hirizi ya kuongeza bahati hiyo, na uwezekano unakuwa takriban 1 kati ya 1,365. Mayai ya wazazi waliotoka kwenye gemu za lugha mbili tofauti yanafika takriban 1 kati ya 683, na ukiwa na Charm, 1 kati ya 512. Rafiki anayecheza kwa Kifaransa ana faida hapo.

Huko porini hakuna mlio wala nyota ya kukuashiria, ila rangi tu, na ni rahisi kumpita. Mtume kiumbe wako kwa kitufe cha R apigane mwenyewe: akimkuta wa rangi adimu, hugoma kushambulia. Ukiona amegoma, mfuate yule aliyegomewa, ingia vitani, na zamu ya kwanza urushe Quick Ball, mpira wa kunasia ambao hapo hunasa mara 5 kuliko mpira wa kawaida.