Geji ya joto kupanda injini ikiwa baridi

Ndugu, umeeleza kwamba geji ya joto ya ekskaveta yenu hapo Tanga hufika kwenye nyekundu asubuhi mara tu swichi inapofunguliwa, na kwamba umeshauriwa kubadilisha rejeta. Rejeta iache kwanza, kwani injini ambayo haijawaka haiwezi kuchemka. Tatizo ni la umeme.

Chomoa plagi ya sensa ya joto (kifaa kinachopima joto la maji ya injini na kulipeleka kwenye geji), kisha ufungue swichi. Geji ikishuka, sensa au plagi yake imepiga shoti. Isiposhuka, yaelekea waya umechubuka na kugusa bodi ya mashine, au geji yenyewe ni mbovu. Ukinzani wa sensa hizi, yaani jinsi zinavyozuia umeme kupita, hupungua kadiri joto linavyopanda, ndiyo maana shoti husomeka kama joto kali. Ukiipima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), sensa nyingi husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, ingawa kipimo cha kuamini ni cha kitabu cha mashine yako.

Kwa mashine inayolala karibu na bahari, mimi ningeanza na plagi: unyevu wa chumvi na kutu ya kijani vikiunganisha pini mbili, geji hupanda vilevile, na sensa mpya (ambayo si ya bei rahisi) haitasaidia kitu. Sensa yenyewe usiifungue maji ya injini yakiwa ya moto.