Maji ya mgongo: "protini" ya kwenye karatasi siyo ile ya Alzheimer

Dada wa Njiro, nimeona swali lako. Mama ana miaka 71, anasahau, daktari ameagiza atolewe maji ya uti wa mgongo, wewe unaogopa atapooza. Tena umesikia Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, inaonekana kwenye protini za maji hayo. Mimi si daktari, ila mzee wangu alipita njia hiyohiyo hapa Moshi.

Kuhusu kupooza: shangazi yangu alishuka kutoka Kibosho kuja kukataa. Hiyo sindano wengi tunaijua kwa homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa anafikishwa ameshazidiwa, anachomwa, anafariki, lawama zinabaki kwa sindano. Daktari akampapasa mzee kiunoni akatuonyesha: uti wenyewe unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, sindano inaingia chini ya hapo. Mzee akalala ubavu, magoti kifuani, maji yakadondoka tone kwa tone, maangavu kama ya bomba. Kilichomtesa ni kichwa. Siku mbili, akikaa kinauma, akilala kinaachia, kisha kikaisha chenyewe. Ila ulizia kama mama amepigwa CT scan (picha ya ndani) ya kichwa, maana kukiwa na uvimbe mkubwa ndani, hapo sindano ni hatari kweli.

Sasa protini. Karatasi ya majibu ya mzee ilirudi na protini 38, kawaida 15 hadi 45. Kaka yangu wa Dar akapiga simu anashangilia: mzee hana Alzheimer! Wiki nzima nilimwamini. Kumbe ile ni protini yote kwa jumla, inahesabiwa kwa miligramu, na inasaidia kusaka mambo kama TB ya ubongo. Zinazotafutwa kwenye Alzheimer ni protini mbili, amiloidi beta 42 na tau, zinapimwa kwa pikogramu, kipimo kidogo mno kuliko miligramu. Amiloidi hiyo ni kama sehemu moja ndani ya laki kadhaa za protini yote. Hata ipungue nusu, ile 38 haitikisiki.

Ndiyo, nimesema ipungue. Hapo nami nilikwama. Kwa mwenye Alzheimer, amiloidi kwenye maji hushuka na tau hupanda. Mimi nililielewa kwa mfereji wa kwetu: maji yakifika mgombani maangavu kuliko kawaida, ujue tope limekwama huko juu. Amiloidi imeganda kwenye ubongo, haifiki tena kwa wingi kwenye maji ya mgongo. Tau inapanda kwa kuwa seli za neva zikiumia huimwaga.

Na kipimo chenyewe kina mitego yake. Amiloidi hunata kwenye kuta za kioo na za baadhi ya plastiki, ndiyo maana wanataka kichupa cha polipropilini, plastiki isiyonatwa sana. La sivyo itasomeka chini, mama apewe Alzheimer ya chupa.

Sisi hatukupima hizo. Daktari alituuliza: majibu yatabadilisha dawa gani? Lecanemab, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, inadai ushahidi wa amiloidi kabla ya kuanza, lakini mzee wetu alikuwa anaandikiwa donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu, ambayo haidai hilo. Hapo wilaya ya Hai tu, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta 6.4% ya wazee wa miaka 70 na kuendelea wana dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, Alzheimer ikiwa mojawapo), na waliwatambua kwa maswali na uchunguzi, bila kumchoma mtu mgongo.

Kwa hiyo muulize daktari anatafuta nini kwenye hayo maji. Akisema kaswende iliyopanda ubongoni, TB au fangasi wa kriptokoka, mkubalie, hayo yana dawa. Kama damu ya mama haijapimwa VVU, homoni za tezi ya shingo na vitamini B12, anzeni na hizo, na mbebeeni dawa zote anazomeza daktari azione.

Siku ya sindano kodi gari au bajaji mrudi nayo taratibu. Sisi tulimpakia mzee kwenye bodaboda, na barabara ya kwetu unaijua.